Siku tano Amani, nyuma ya mhasibu wa ndege

Jumatano: Dar hadi Muheza

Basi lilitoka stendi ya Mbezi saa kumi na mbili na robo, na kabla hatujafika Chalinze nilikuwa nimeshadaiwa ng'ombe. Jirani yangu wa kiti, mzee wa Tabora aliyekuwa anakwenda Tanga kumwona binti yake aliyejifungua, aliniuliza kwetu wapi. Nikamjibu Songea. Akapiga paja. "Mngoni! Babu zako walipita kwetu wakaondoka na ng'ombe wa babu yangu. Nimekutafuta miaka yote. Segera chai unalipa wewe." Nikamwambia wale ng'ombe walikuwa wamekonda, wakatufia njiani, kwa hiyo waliopata hasara ni sisi na chai alipe yeye. Wa viti vya nyuma wakaingilia, kondakta akajifanya hakimu, nikashindwa kesi. Segera nililipa chai mbili na maandazi manne. Mawili mzee aliyafunga kwenye leso: "Haya ya mjukuu wangu. Naye anakudai."

Kisa hiki kinahusu safari yangu kuliko kinavyoonekana. Mtu ninayemfuata Amani, Reginald Ernest Moreau, alichapisha mwaka 1944 makala mbili zisizofanana hata kidogo. Moja ilihusu idadi ya mayai wanayotaga ndege wa Afrika. Nyingine ilihusu utani wa makabila ya Tanganyika. Hakuwa mwanaanthropolojia, na hakuajiriwa kama mtaalamu wa ndege. Mshahara wake ulitokana na uhasibu. Kwa lugha ya mpira, yote mawili aliyacheza kwa ridhaa.

Muheza nimeingia saa nane kasoro. Machungwa yamejaa barabara nzima, kwenye matenga, kwenye mikokoteni, mpaka kwenye mapaja ya watoto. Nimelala mapema.

Alhamisi: Muheza hadi Amani

Basi la mlimani haliondoki hadi lijae, na kujaa kwake si watu tu. Tumepakia mabati, trei za mayai, godoro na jenereta. Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa amepakata kuku aliyetulia kuliko abiria wote.

Njia ni ya udongo mwekundu, inapita mashamba na vijiji hadi Zigi, mlangoni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Enzi za Wajerumani kulikuwa na reli ndogo iliyoishia hapo, na nyumba ya msimamizi wa stesheni bado imesimama. Nimelipa ada, nikaandika jina kitabuni, tukaendelea. Kuanzia hapo barabara inajikunja na kupanda, joto linabaki bondeni, na harufu inabadilika: majani yaliyooza, kisha iliki, kisha mdalasini kutoka mashamba ya wenyeji kando ya msitu. Tulipofika juu, nilitoa sweta niliyochekwa nayo nyumbani.

Amani yenyewe ni kijiji, bustani na majengo ya utafiti yaliyotawanyika kwenye vilima, karibu mita 900 juu ya bahari. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya kilimo na biolojia hapa mwaka 1902, wakapanda miti ya kila bara, ukiwemo mkwinini, ambao magome yake hutoa dawa ya malaria. Baada ya vita Waingereza walikichukua kituo, na mwaka 1928 akaja Moreau kushika hesabu na maktaba.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akaingia utumishi wa serikali kwenye ukaguzi wa hesabu akiwa kijana. Baridi yabisi ikamshika viungo mapema. Mwaka 1920 alihamishiwa Cairo, kwenye ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi, kwa matumaini kwamba ukavu wa Misri ungemfaa. Huko jangwani ndiko alikokolea ndege. Mtu anayeumwa magoti hawezi kukimbilia vitu, na mimi nahisi ugonjwa huo ulichangia kumfanya awe mtazamaji wa aina yake: anakaa mahali pamoja, anasubiri, anaandika.

Nimefikia hosteli. Jioni nimetambulishwa kwa mwongozaji wangu, mzee wa Kisambaa mwenye buti za mpira na kofia iliyofifia rangi. Nikamwamkia: "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Umekuja kuona nini?" Nikasema hondohondo kwenye kiota. Akaangalia viatu vyangu, kisha akaniangalia usoni. "Saa kumi na moja na nusu. Na usipake manukato."

Ijumaa: hondohondo

Hii ndiyo siku niliyoijia, nitaieleza kwa urefu.

Tuliingia msituni na tochi. Ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba mwanga wa tochi ulisimama kama fimbo. Mzee alitembea bila kuangalia chini, mimi nilitembea nikiangalia chini tu, na mara mbili nilimgonga mgongoni. Tulikaa kwenye gogo, kama hatua hamsini kutoka mti mmoja mkubwa ulionyooka. Juu kabisa, palipokatika tawi zamani, palikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilikuwa limekandikwa. Kwa darubini niliona udongo uliokauka, mgumu kama kiambaza, na katikati yake ufa mwembamba wa kusimama. Ndani ya ufa kulikuwa na kitu kinachotikisika. Ncha ya mdomo.

Jike yuko ndani. Amejifungia mwenyewe, kwa hiari yake. Hondohondo huyu mkubwa mweusi na mweupe, mwenye pembe juu ya mdomo na mashavu yanayong'aa kama fedha, huziba mlango wa nyumba yake kabla ya kutaga. Dume humsaidia kwa namna ya ajabu: anameza udongo, unafinyangwa kooni kuwa vidonge, kisha anavitapika kimoja kimoja na kumkabidhi mkewe akandike kutoka ndani. Ukishafungwa mlango, kinachobaki ni ule ufa. Kwa karibu miezi minne jike, na baadaye kinda, hula kile tu kinachopita hapo.

Moreau na mkewe Winifred walikitazama kiota cha namna hii Amani, na mwaka 1941 wakachapisha utafiti wao wenye majina yote mawili. Watu wengi walishajua kwamba hondohondo hujifungia. Swali la Moreau lilikuwa la kihasibu: kinaingia kiasi gani? Kila safari ya dume iliandikwa, na saa yake. Kila tunda lililopita kwenye ufa lilihesabiwa. Mwishoni walikadiria kwamba kwa siku 120 dume mmoja alikuja kama mara 1,600 na kuleta matunda 24,000.

Jana usiku nilipiga hesabu pembeni mwa daftari: safari 13 au 14 kwa siku, matunda 15 kila safari. Kwenye karatasi ni jambo la dakika moja. Leo nimejaribu kulifanya.

Saa moja na dakika tano: kelele angani, kama mtu anayekimbia amevaa turubai. Huyo ni dume. Mabawa yake hayana manyoya madogo ya kuziba mianya chini, ndiyo maana hewa inapiga mluzi humo. Akatua kwenye shina, akajibana na mkia, akainua kichwa. Koo likacheza. Tunda likajitokeza kwenye ncha ya mdomo, dogo, jeusi, zima kabisa, likapita ufani. Moja. Koo likacheza. Mbili. Nilifika kumi na mbili, nzi akaingia jichoni, nikapepesa. Nilipofungua jicho dume alikuwa bado anatoa. Nikaandika "12+", nikaona aibu.

Mzee hakuwa na darubini. "Kumi na saba," alisema.

Saa mbili na nusu alikuja tena. Safari hii nilihesabu hadi mwisho: kumi na nne. Mzee akakubali kwa kope. Kisha ukapita muda mrefu mtupu. Watu hawaandiki kuhusu muda huu wanaposimulia habari za viumbe, na ndio sehemu kubwa ya kazi. Matako yanakufa ganzi. Unawaza deni la ada ya shule. Unaanza kuhesabu siafu wanaopita karibu na buti, ukiomba wasibadili njia. Moja ya safari za dume ilinipita kabisa. Nilikuwa nimeegemea mti, na ingawa nitakana mahakamani, nilikuwa nimesinzia. Aliniamsha mzee kwa kunigusa bega: "Ameshakuja ameshakwenda. Kumi na moja." Nikaliandika.

Hadi saa tano na nusu tulikuwa na safari nne. Mgongo ulikuwa umeniisha.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu hulipitisha harakaharaka. Mhasibu mwenye ofisi na maktaba ya kuendesha hawezi kukaa chini ya mti kuanzia alfajiri hadi magharibi, siku 120, kisha akafanya vivyo hivyo kwenye viota vya mbayuwayu na ndege wengine. Moreau aliajiri watazamaji Waafrika, akawafundisha kuandika saa na matukio, wakapokezana. Takwimu zilizompa jina zilitoka kwenye macho yao. Fikra ilikuwa yake, nidhamu ya daftari ilikuwa yake. Matako yaliyokufa ganzi yalikuwa ya watu wengine.

Tulipoondoka mzee alinipeleka chini ya kiota. Ardhi ilikuwa imetapakaa mbegu zilizotemwa na kinyesi. Akaokota moja, ndefu kidogo, ngumu kama kokwa la zambarau. "Hii ni ya ule mti wa kuletwa." Alimaanisha Maesopsis eminii, mti wa misitu ya Uganda na Kongo uliopandwa Usambara enzi za wakoloni, ukatoroka mashamba na kuuvamia msitu wa asili. Msambazaji wake mkubwa hapa ni hondohondo. Anakula, anaruka, anaangusha mbegu kilometa kadhaa mbele. Msitu unamlisha ndege, naye ndege anaupandia msitu mgeni wa kuusonga. Sijui nimlaumu nani, na yule dume hana habari.

Jumamosi: mvua

Imenyesha toka usiku. Hadi saa nne tumekaa barazani tukinywa chai ya iliki na kumsikiliza mpishi akigombana na redio.

Nimeutumia muda huo kusoma nilichokuja nacho juu ya ile makala ya mayai. Moreau alilinganisha ndege wa Afrika wao kwa wao, walio karibu na ikweta na walio mbali nayo kusini, kisha na jamaa zao wa Ulaya. Wa ikweta hutaga machache: mara nyingi mawili au matatu, ilhali jamaa zao wa kaskazini hufika manne, matano na kuzidi. Kwa nini ndege wa nchi ya joto, penye wadudu mwaka mzima, awe na watoto wachache kuliko anayeishi kwenye baridi? David Lack wa Oxford alilijengea swali hilo hoja iliyochapishwa mwaka 1947: siku za kiangazi cha kaskazini ni ndefu, mzazi ana saa nyingi za kutafuta chakula, anaweza kulea wengi. Wengine wamempinga hadi leo. Lakini ugomvi wote umekaa juu ya jedwali la mtu aliyekuwa anafunga hesabu za kituo cha kilimo huku mlimani.

Mvua ilipopungua tulikwenda kumtafuta ndege mwenye jina lake. Ni mdogo, wa kijivu, mdomo mrefu mwembamba, jamaa wa wale wanaoshona majani kuwa kiota. Aliyempa jina la Moreau mwaka 1931 ni William Lutley Sclater wa jumba la makumbusho la London, aliyekuja kuuawa na bomu la Wajerumani mwaka 1944 akiwa mzee. Ndege huyo anajulikana sehemu mbili tu duniani: hapa Usambara Mashariki, na mbali kusini, kwenye uwanda wa Njesi, kaskazini mwa Msumbiji, alikompata Jali Makawa mwaka 1945, mkusanyaji maarufu wa ndege aliyefanya kazi na mtaalamu wa ndege wa Kiingereza, C. W. Benson. Baada ya hapo Msumbiji hakuonekana tena hadi 2001.

Anapenda vichaka vya mitambaa, pale mti mkubwa ulipoanguka na mwanga ukapenya. Kwa hiyo unamtafuta si ndani kabisa ya msitu bali kwenye makovu yake, hata kandokando ya bustani. Tulisimama mbele ya ukuta wa mitambaa unaodondosha maji kwa saa moja na nusu. Darubini yangu ilifunga ukungu kwa ndani, ikawa haina maana. Kitu cha kijivu kiliruka kutoka kushoto kwenda kulia.

"Ndiye?" niliuliza.

"Labda."

"Nimwandike?"

"Umemwona mdomo?"

Sikuuona. Hajaandikwa.

Usiku, kwa tochi, tulikuta kinyonga asiyezidi kidole changu kidogo amelala kwenye unyasi, mkia umeviringwa, rangi ya jani kavu. Huyo nimemwandika.

Jumapili: majina

Asubuhi nimepita kwenye majengo ya zamani ya kituo, kwa nje tu. Paa, veranda, maua yaliyoota kwenye ngazi. Moreau aliondoka hapa mwaka 1946. Viungo vilikuwa vimezidi kumtesa. Alikaa Oxford, akahariri jarida la ndege liitwalo Ibis kwa miaka mingi hadi 1960, akaandika kitabu juu ya ndege wa Afrika na visiwa vyake kilichotoka 1966. Kingine, kinachohusu mamilioni ya ndege wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika, alikimaliza akiwa mgonjwa. Kilitoka 1972, miaka miwili baada ya kifo chake. Katikati akaandika pia juu ya kijiji cha Kiingereza alichokuwa akiishi, kilivyokuwa mwanzoni mwa karne, kwa kuwauliza wazee. Tabia ileile ya kuuliza nani mtani wa nani.

Winifred ana ndege wake katika milima ya Uluguru, mwenye kichwa cha rangi ya kutu, aliyeelezwa na mumewe mwaka 1938. Nadhani lilikuwa deni, si zawadi ya mapenzi tu.

Nilimuuliza mzee kama amewahi kusikia jina la Salimu Asmani. Huyo ndiye aliyekuwa mkusanyaji mkuu wa Moreau, mtu wa kujua mlio, kupiga, kuchuna ngozi nyembamba kama karatasi bila kuichana, kujaza pamba na kufunga lebo mguuni. Mzee alifikiri kidogo. "Akina Salimu hapa wako wengi," alisema. Kisha akaongeza: "Marehemu babu yangu alikuwa anachekwa kijijini kwamba Wazungu wanamlipa kuangalia mti." Nikamuuliza mti gani, kwa nani, mwaka gani. Hajui. Babu yake hakupenda kuzungumzia kazi. Siwezi kuifanya habari hiyo kuwa zaidi ya ilivyo, lakini nilisimama nayo pale barabarani kwa muda.

Jina la Salimu limesalia kwa sababu Moreau alilitaja. Wengi wa wale waliokaa kwenye gogo na penseli wameingia kwenye jedwali kama tarakimu. Siyo kwamba nadhani Moreau alikuwa mwizi. Kwa zama zile alitaja kuliko wengi. Ila nimetumia asubuhi moja kufanya kazi yao, na sasa nikisoma 24,000 sioni tena namba ya mtu mmoja.

Nikatoa daftari langu. Juu ya ukurasa wa Ijumaa nilikuwa nimechora safu nne: saa, ndege, matunda, mtazamaji. Kwenye safu ya mtazamaji niliandika herufi za jina langu mara nne, hadi kwenye ile safari niliyosinzia. Nikakata mbili, nikaandika za mzee. Ile "12+" nikaifuta, nikaweka 17. Alitazama begani kwangu, akanirekebisha herufi moja ya jina lake, akasema basi linakuja.

Tulipeana namba za simu. Nimemwachia darubini, imeshakauka, ataituma kwa kondakta mvua za vuli zikiisha.

Muheza, saa kumi jioni, mtandao umerudi. Ujumbe mmoja, haukuwa na salamu:

"Saa 8 na dk 20. Matunda 19. Saa 9 na dk 35. Matunda 13. Kesho naanza saa 12."